Bei Niliyoitaja Mara Nne

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuunda magari ya umeme lilikuwa kupanga bei ya gari kwa kutazama tu kilichokuwa mbele ya macho yangu. Nilijumlisha mota, betri, mabati na matairi, nikaongeza kidogo, nikataja. Hata muuza nyanya wa soko la Kasulu hafanyi hivyo. Yeye huwa amehesabu nauli, ushuru wa soko na zile zitakazooza kabla ya jioni. Mimi sikuhesabu chochote kitakachooza.

Nawaandikia ninyi mnaokuja kwangu na video kwenye simu, mnasema, "Bro, na mimi nataka kutengeneza gari la umeme, nianzie wapi?" Mnaniita mstaafu kwa utani. Sawa. Nina miaka thelathini na minne, kiinua mgongo sikupewa, na mgongo wenyewe unauma. Lakini nilifanya kazi ile kwa miaka mingi kuliko karibu kila fundi ninayemjua huku kwetu, na nimechoka kujibu swali moja kila wiki. Mkishasoma haya, msije tena kuniuliza mota ipi ni nzuri. Njooni mniulize mtauza bei gani.

Sikwenda chuo. Nilijifunza kwa simu, kwa kuunguza vitu na kwa kusumbua watu. Nilikuwa, na bado niko hivyo, mtu asiyeweza kuona nati bila kuijaribu tena kama imekaza. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia kufuli. Nikiandika ujumbe wa kuagiza spea nausoma mpaka mke wangu ananinyang'anya simu. Watu husema huo ni umakini. Kwenye kazi hii nawaambieni ni ugonjwa, na kuna mtu mwingine aliyekuwa akiulipia.

Karakana yetu ilikuwa uani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bi Rehema, mjini Kasulu. Bi Rehema alizaliwa Tanga, akaolewa Kasulu, akafiwa na mumewe, akabaki na duka pamoja na ulimi wa Tanga. Pesa ya kuanzia ilikuwa yake. Mikono ilikuwa yangu na ya Fundi Joramu wa Kibondo, mchomeleaji aliyeanza kuchomelea mageti na matrela kabla mimi sijazaliwa. Tulinunua kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, zilizokufa injini. Tunatoa injini, tangi na mabomba ya moshi, tunaimarisha fremu, kisha tunaweka mota ya umeme, betri, na kontrola, yaani kile kisanduku kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani.

Gari la kwanza tulilijenga kama nyumba inavyokandikwa kwetu. Habari zilipoenea kwamba nyuma ya duka la Bi Rehema kuna watu wanatengeneza gari lisilokunywa mafuta, watu walikuja wenyewe. Jirani mwenye grenda alikuja na grenda yake. Vijana wa bodaboda walisugua kutu kutwa nzima wakiimba. Fundi redio wa stendi alikuja kupanga nyaya, na mama mmoja ambaye hadi leo sijui alitoka wapi alishona viti. Hakuna aliyeuliza malipo. Ukikandika nyumba, watu wanakuja, wanakula, na siku yao ikifika na wewe unakwenda. Bi Rehema alipika wali na maharage kwenye sufuria la shughuli, na yeye mwenyewe akawa anapita na upawa.

Gari likatoka. Likanunuliwa na muuza soda mmoja wa Kibondo kwa milioni nane. Mimi nilikuwa nimejumlisha vyuma, betri na rangi, nikaona tumepata faida, nikafurahi mpaka nikakosa usingizi. Wale watu wote waliofanya kazi sikuwaandika popote. Hata wali sikuuandika.

Muuza soda alizunguka na gari lile Kibondo nzima, na kwa kila aliyemsimamisha alitaja bei. Ndani ya wiki mbili kila mtu kuanzia Kibondo mpaka Manyovu alijua kwamba kirikuu ya umeme ni milioni nane, kama anavyojua bei ya chumvi.

Gari la pili, jirani mwenye grenda hakuja. Nilimfuata kwake.

"Bwana Minani," akaniambia, "lile lilikuwa la kwenu, tukawasaidia. Hili si mnauza?"

"Na lile tuliliuza."

"Hukutuambia." Akafunga mlango wa banda lake, taratibu tu, bila hasira.

Alikuwa na haki. Hakuna mtu anayekwenda kumkandikia bure mtu anayejenga nyumba za kupangisha. Kuanzia gari la pili nikawa nalipa kusugua kutu, nalipa nyaya, nalipa kushona viti, nalipa grenda kwa saa. Lakini bei tayari ilikuwa imetangulia sokoni bila mimi.

Ndipo akaja Mama Leoni.

Alikuwa mjane wa Titye, mkulima na mnunuzi wa tangawizi. Kila msimu alikusanya tangawizi kwa wenzake, akakodi gari la kumshushia Kasulu ambako malori ya Dar hupakia, na kila msimu mwenye gari alichukua sehemu kubwa kuliko yeye. Aliingia uani, akachuchumaa kidogo, akanipigia makofi ya salamu, yale laini ya mama zetu, "Mwakeye, mwana wanje," yaani habari za asubuhi, mwanangu, mpaka nikaona aibu kwa jinsi alivyoniheshimu.

"Nataka kama ile ya Kibondo," akasema. "Ila ibebe magunia kumi, na ipande kwetu Titye."

Nikapiga hesabu kichwani. Gunia ni kilo mia, kumi ni tani moja. Nikamtajia milioni tisa. Akaniuliza kama hiyo ndiyo bei au ni salamu. Nikamwambia ndiyo bei. Akauza ng'ombe watatu alioachiwa na mumewe, akaleta nusu. Shemeji yake, Filipo, mdogo wa marehemu, alimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba ameliwa na vijana wa mjini, na kwamba msimu utaanza akiwa hana ng'ombe wala gari. Mama Leoni mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akicheka. Mimi sikucheka. Kuanzia siku ile nikishika spana namwona Filipo.

Sasa sikilizeni nilichofanya na ile nusu. Nilinunua rangi. Nilinunua usukani mzuri, taa za mbele zinazong'aa, na vishikio vya milango ambavyo nilikuwa nimevitamani miezi mingi. Betri niliiacha mwisho kwa sababu ndiyo ghali, na kitu ghali kinanitisha. Msifanye hivyo hata siku moja. Pesa ya mteja ikiingia, kesho yake nunua betri, maana vitu vingine vyote bei yake hutembea, betri bei yake inakimbia. Muuzaji wa Dar anakutajia bei asubuhi, mchana ukimpigia umeshapata pesa anakwambia, "Dola imecheza, bosi." Dola ikicheza inacheza upande mmoja tu. Haijawahi kucheza ikaniangukia mimi.

Lakini kabla ya betri kulikuwa na magunia.

Fremu ilipokuwa tayari tukaazima betri ya gari jingine, tukapeleka kirikuu ile Titye kuijaribu. Mama Leoni alikuwa ametuandalia magunia kumi. Yalikuwa lumbesa. Nanyi mnajua lumbesa: gunia limejazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha wavu juu, likashonwa kwa kamba, likasimama kama mtu aliyevaa kofia.

"Mama," nikasema, "ulisema magunia kumi."

"Hesabu."

"Haya si magunia. Kila moja hapa ni gunia na nusu."

Akazunguka gunia moja, akalitazama juu na chini, kwa huruma kabisa. "Minani, wewe ulizaliwa wapi? Umewahi kuona tangawizi inatoka Titye kwenye gunia bapa?"

Sikuwa nimewahi. Nilizaliwa Kasulu, mwendo mfupi tu kutoka pale, nimekula vitu vya lumbesa maisha yangu yote, nimeyaona magunia hayo kila siku ya soko, na bado nilipokaa kupiga hesabu niliandika kilo mia kwa sababu ndivyo video zinavyoandika. Tulipakia. Springi za nyuma zikalala. Kwenye mlima wa kwanza mota ikaanza kunuka kama plastiki jikoni, nikaizima, na watoto wa shule wakatusukuma kurudi nyuma wakishangilia.

Fundi Joramu alingoja tufike barabara kuu. Akatema mate nje ya dirisha. "Springi za nyuma mpya. Ekseli ya gari kubwa zaidi, ipo moja kwa mtu wa vyuma chakavu Kibondo. Na mota utabadilisha. Kamwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Milioni kumi na moja. Hiyo ilikuwa bei ya pili, na ninaitetea hadi leo. Mama Leoni alinuna, akaenda kukaa kwenye kivuli cha duka, akarudi. "Magunia yangu ni mazito, sawa. Hilo ni langu." Akakubali. Hata makofi ya kuaga alinipigia.

Bei ya tatu ilikuwa ya betri. Dola ilikuwa imecheza, na lori lililoleta mzigo lilikwama kwenye matope, tukalipa siku za kusubiri. Milioni kumi na mbili na nusu. Safari hii nilimpigia simu kwa sababu niliogopa kumwona. Nikasikia kuku kwao. Kisha akasema, "Ile ya Kibondo ilikuwa nane."

Hapo ndipo mtu anapochoka. Nilianza kumweleza: grenda ya jirani, wali wa Bi Rehema, vijana wa bodaboda, mama wa viti. Nilimweleza kwamba gari la kwanza lilijengwa na watu waliokuja kusaidia, na hili la kwake kila mkono unaligusa kwa pesa. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mwalimu. Nilikuwa nimeeleza hivyo kwa kila mteja mwaka ule, na kila mteja aliniambia, "Sawa, lakini ile ya Kibondo ilikuwa nane." Bi Rehema alikuwa ameshaandika kwenye kaunta yake kwa chaki, HATUULIZWI YA KIBONDO, na bado watu walikuwa wakiisoma kwa sauti na kuuliza.

Mama Leoni hakuuliza tena. Alisema tu, "Kumbe ni mikono," akakata simu.

Mimi nikarudi kazini, na sasa nifike mahali ninapoona haya. Gari lilikuwa limebaki kazi ya wiki mbili. Mlango wa kushoto ulikuwa na mawimbi. Ukisimama jua linapopiga upande, na ukiinama, unaona bati limepanda na kushuka kidogo. Nikaupiga msasa, nikapaka upya. Mawimbi yakabaki. Nikapaka tena. Chini ya kiti kulikuwa na mshono wa kuchomelea wa Joramu ambao ulikuwa imara lakini umepinda, nikaukata na kumwomba aurudie.

"Bwana mdogo," akasema Joramu, "huo mshono nani atauona?"

"Mimi."

"Na wewe unanunua gari?"

Akaurudia, kwa saa zake za kulipwa na vijiti vya kuchomelea vya Bi Rehema. Kila kitu kilichorudiwa kilikula umeme, vijiti, rangi na siku. Nilipojumlisha tena nikapata milioni kumi na nne. Nikaandika sababu: hali ya soko. Nawaapia, niliandika hivyo na nikaamini. Bi Rehema akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Soko gani hilo, mwanangu? Mie niko sokoni kila siku, mbona sijaliona?"

"Gharama zimepanda, Bi Rehema."

"Zimepanda peke yao? Zina miguu?"

Lakini aliniacha nimpelekee Mama Leoni ujumbe. Bei ya nne. Msimu wa tangawizi ulikuwa umebakiza siku chache.

Hakujibu. Siku mbili nikawa naangalia simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya hospitali. Nilijua hana milioni tatu za kuongeza juu ya zile kumi na moja. Nilijua pia hawezi kuacha, maana nusu yake ilikuwa imeshageuka usukani na vishikio vya milango. Kama angeacha, Filipo angekuwa amesema kweli, na mimi ndiye ningekuwa nimemsaidia kusema kweli.

Asubuhi ya tatu likaja lori la kukodi, likasimama mbele ya duka. Wakashuka watu wa Titye, wanaume kwa wanawake, na gunia la unga, na maharage, na masufuria, na nyundo, na mwisho akashuka Filipo na sanduku la useremala. Mama Leoni akaingia uani mbele yao. Hakupiga makofi.

"Ulisema tofauti ni mikono," akaniambia. "Nimeleta mikono. Tuonyeshe pa kuanzia."

Bi Rehema alitoka dukani, akawaangalia wote, akaona masufuria. "Ala! Hawa wamekuja kuhamia?"

"Wamekuja kukandika, Bi Rehema," Joramu akasema, na kwa mara ya kwanza katika miezi ile nikamwona anacheka.

Nilikataa. Nilisema gari la umeme si nyumba ya udongo, kuna nyaya, kuna hatari, kuna vipimo. Nilisema mengi. Joramu akanipita akawagawia kazi: wanawake wakafunga nyaya za taa kwenye fremu kwa vibano, yeye akisimamia. Vijana wakafunga mabati ya chini. Nyaya za betri hakuwaachia mtu; hizo alinipa mimi, na alifanya vizuri, maana zilinishughulisha. Filipo akapewa sakafu ya kubebea mizigo.

Alifika akiwa amenuna. Alikuwa amekuja, nadhani, kuona kwa macho yake jinsi shemeji yake alivyoliwa. Lakini mtu ukimpa mbao na msumeno hawezi kununa muda mrefu. Kufikia saa sita alikuwa anamfokea Joramu kuhusu upana wa fremu, na Joramu anamjibu, na wote wawili walikuwa na furaha.

Wakaenda kula. Mimi nikabaki, nikaitazama sakafu ile. Kati ya ubao na ubao mliingia kidole, na nafasi hazikulingana, nyingine kidole, nyingine nusu. Nilijaribu kuangalia pembeni. Sikuweza. Nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua.

Nilikuwa kwenye ubao wa tatu niliposikia, "Minani. Unafanya nini?"

Mama Leoni alikuwa amesimama na bakuli mkononi. Nyuma yake watu wote wameacha kula.

"Narekebisha kidogo, mama."

"Unarekebisha au unabomoa?"

"Nafasi hazilingani."

"Tangawizi inataka hewa," Filipo akasema, mdomo umejaa ugali. "Ukibana mbao inaoza." Hadi leo sijui kama alikuwa akijua au alitunga palepale.

Mama Leoni akaweka bakuli chini, akaja mpaka kwenye mlango wa kushoto, akaupapasa. "Huu mlango umeupaka mara ngapi?"

Joramu akanitazama. Sikuwa na namna. "Mara tatu."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa na mawimbi."

"Kama ya Tanganyika?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na pale chini ya kiti? Fundi hapa ameniambia. Mshono mzuri mmeukata, mkaurudia. Rangi ya mara tatu nani analipa? Mshono wa mara mbili nani analipa?"

Akaugonga mlango kwa kiganja, akaendelea.

"Springi nimekubali, magunia ni yangu. Betri nimekubali, dola si yako. Hii ya nne umeniandikia hali ya soko. Soko gani? Mimi nalipia wasiwasi wako, mwana wanje. Ng'ombe wa marehemu wanalipia wasiwasi wako."

Hakupaza sauti. Nilikaa kwenye sakafu ile ya Filipo na bisibisi mkononi na nikalia, mbele ya watu na ugali wao. Siwasimulii ili mnionee huruma. Nawasimulia kwa sababu nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikilalamikia dola, bandari, matope na muuza soda wa Kibondo, na vyote vilikuwa kweli, na katikati ya kweli zote hizo nilikuwa nimejificha mimi.

Bi Rehema ndiye aliyemaliza shauri. Alitoka dukani na kikokotoo, akaniuliza maswali mafupi mbele ya Mama Leoni. Vyuma na mota kiasi gani. Betri ilizidi kiasi gani. Kazi ya Joramu siku ngapi, toa za kurudia. Kisha akasema, "Betri tulichelewa kununua sisi, tuliingia kwenye mapambo. Hiyo nabeba mie. Milioni kumi na moja, na watu wako wamalize sakafu yao. Weye Minani, rudisha hizo skurubu."

Nikazirudisha. Ilinichukua muda kwa sababu, niseme kweli, mbili nilijaribu kuzinyoosha.

Duka lilipata hasara kwenye gari lile. Bi Rehema hakuwahi kunitajia kiasi, ila mwezi ule hakuagiza saruji. Mama Leoni alikamilisha malipo kwa kuuza mazao aliyokuwa ameyaweka ya mbegu, akaondoka uani akiwa amekaa karibu na dereva, watu wake wamesimama juu ya mbao zenye nafasi, wakiimba. Filipo alikuwa ameshika nguzo ya nyuma kama mwenye gari. Mlango wa kushoto haukufunga vizuri, ulitaka kubamizwa. Niliwasikia wakiubamiza mpaka walipofika kwenye kona.

Msimu ulipoanza gari lilikuwa Titye. Lilipanda. Lilipiga kelele mlimani, na mara moja fyuzi iliungua, nikaenda kuibadilisha na nikajilazimisha nisiguse kitu kingine chochote. Nilifika nikiwa nimeficha mikono mfukoni. Mama Leoni alinipigia makofi, akanipa tangawizi mfuko mzima, na hakuniomba radhi wala mimi sikuwa na haki ya kuombwa.

Msidhani kisa kiliishia vizuri. Wiki iliyofuata alikuja mteja wa Gwarama na ukoo wake wote, kusaidia, ili bei ishuke. Akaja mwingine. Bi Rehema aliwafukuza wote. "Wale wa Titye walikuja na unga wao," alisema, "hawa wamekuja na matumbo." Tulipopiga hesabu ya chakula, na vitu vilivyovunjwa, na siku za Joramu za kuwasimamia watu wasiojua grenda inashikwaje, msaada ulikuwa ghali kuliko vibarua. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba mmejifunza kwangu kuita watu. Sikusema hivyo. Gharama ya kazi ipo hata kama hakuna anayeidai. Ukiiacha kwenye gari la kwanza itakukuta kwenye la pili, imekasirika.

Nanyi wenye ugonjwa kama wangu, mnaosoma aya hii mara ya pili kutafuta kosa, nina neno moja tu. Kabla ya kurudia kitu, mpigie mteja umuulize kama yuko tayari kukilipia. Mpigie kweli, usiwaze tu jibu lake. Mara nyingi utaona aibu hata kuanza sentensi, na hapo utakuwa umeshajibiwa.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mitatu bila kutaja bei ya gari hata moja. Nilipoulizwa nilionyesha dukani kwa kidole. Kisha nikaacha, kwa sababu kila gari lililotoka na kasoro liliondoka na usingizi wangu, na Bi Rehema, kwa haki kabisa, hakukubali kulirudisha ndani. Sasa natengeneza pampu za maji. Pampu ikitoa maji, imekwisha. Hakuna anayeinama kuitazama juani.

Karakana ipo bado. Joramu amepata vijana wawili waliosoma. Wameacha vishikio vya kupendeza, na gari lote hupakwa rangi mara moja. Kirikuu ya umeme siku hizi ni milioni kumi na sita, mara mbili ya ile ya Kibondo, na watu wananunua. Wanaambiwa bei siku ya kwanza, na siku ya kuchukua gari bei ni ileile.